Misitu ya mvua na savana: Mpaka unaosogezwa mashariki mwa Uganda

Mji wa Jinja, ambako Mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria, na mji wa Mbale, ulio chini ya Mlima Elgon, hutenganishwa na mwendo wa kilomita zipatazo 150. Katika miji hiyo na maeneo yanayoizunguka hukutana mifumo miwili mikubwa ya maisha ya ukanda wa tropiki: msitu wa mvua na savana. Mpaka kati ya mifumo hiyo uliwekwa na mvua pamoja na moto. Katika karne moja iliyopita, hata hivyo, binadamu ndiye aliyeusogeza zaidi, na gharama yake wanailipa wanyama na watu pia.

Mvua, kiangazi na moto

Msitu wa mvua huhitaji unyevu uliotawanyika vizuri katika mwaka. Ukanda wa Jinja huupata kutokana na ukaribu wake na Ziwa Victoria, na una misimu miwili ya mvua. Miti hurefuka ikigombea jua, na matawi ya juu hufungamana kiasi kwamba ni mwanga mdogo tu unaofika chini. Majani yaangukayo huoza haraka na kunyonywa tena na mizizi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya rutuba imo ndani ya miti yenyewe, na msitu ukishafyekwa udongo huchoka upesi.

Kaskazini mwa Mbale, kuelekea Karamoja, kiangazi ni kirefu na kikali. Hapo nyasi hutawala, na miti, hasa migunga, husimama mbalimbali. Moto wa kiangazi huteketeza miche, lakini mizizi ya nyasi husalimika ardhini na kuchipua mvua inaponyesha. Wanyama walao nyasi nao huizuia miti kusongamana. Savana, kwa hiyo, ni mfumo kamili wenye kanuni zake, na ni kosa kuiona kama msitu uliokatwa.

Mabira: msitu uliopiganiwa

Magharibi mwa Jinja, kando ya barabara kuu iendayo Kampala, upo Msitu wa Mabira wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300. Ndege wa aina zaidi ya 300 wameorodheshwa humo. Hondohondo na kima hula matunda na kuzisambaza mbegu mbali na mti mama; wakitoweka wao, miti mingi hukosa wa kuipandia watoto.

Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilipendekeza kuitoa hekta zipatazo 7,100, karibu robo ya msitu huo, kwa kilimo cha miwa. Mwezi Aprili maandamano ya kupinga mpango huo yalizuka mjini Kampala, yakageuka ghasia na watu wakapoteza maisha. Mpango uliwekwa kando, ukafufuliwa mwaka 2011, na ukapingwa tena. Mwaka huohuo wa 2007 wanasayansi walimtambua mangabei wa Uganda, kima wa kijivu aishiye Mabira na misitu mingine michache, kuwa spishi inayojitegemea.

Mabira pia ni sehemu ya makubaliano kati ya Uganda na Benki ya Dunia, yaliyoutaka uhifadhiwe kufidia athari za bwawa la umeme la Bujagali, lililoyazamisha maporomoko ya jina hilo karibu na Jinja.

Savana iliyobaki

Kati ya miji hiyo miwili wanyama wakubwa wa mbugani wametoweka, na mashamba ya mpunga yameenea katika mabonde. Mto mkubwa wa eneo hilo huitwa Mpologoma, neno ambalo kwa Kiganda maana yake ni simba. Jina limebaki, simba hawapo.

Savana yenye wanyama sasa hupatikana katika hifadhi ya Pian Upe, kaskazini mwa Mlima Elgon, yenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Humo wamo duma, mbuni, kongoni, na tumbili mwekundu mwenye miguu mirefu ambaye hukimbia ardhini badala ya kuruka mitini. Ni mojawapo ya makimbilio ya mwisho nchini Uganda ya korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Ujangili, uliochochewa na silaha zilizozagaa baada ya kuanguka kwa utawala wa Idi Amin mwaka 1979, uliwapunguza sana wanyama hao. Mwaka 2019 twiga walihamishiwa huko kutoka hifadhi ya Murchison Falls.

Mlima unapoporomoka

Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 4,321. Msitu wake hufuatwa na mianzi, kisha uoto wa baridi wa kileleni. Mito ya upande wa Uganda hushuka kuelekea Ziwa Kyoga, ikinywesha mashamba ya kahawa na mpunga.

Miteremko yake ina udongo wa mfinyanzi na ni mikali, hivyo huweza kuporomoka hata bila mkono wa mtu. Lakini mizizi ya miti inapoondolewa, kinachoushikilia udongo hupungua. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko wilayani Bududa yaliua watu zaidi ya 100, na wengi hawakupatikana. Maafa yalirudi Bududa Oktoba 2018, kisha wilaya ya Bulambuli Novemba 2024. Julai 2022 mito iliyofurika iliua zaidi ya watu 20 mjini Mbale na maeneo ya jirani.

Kuwafukuza watu mlimani hakujamaliza tatizo. Wabenet, wenyeji wa asili wa nyanda za juu za Elgon, waliondolewa katika ardhi yao kwa ajili ya hifadhi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatambua kuwa wakaazi wa kihistoria wa eneo hilo, lakini utekelezaji umesuasua. Chini yao, familia za wakulima hugawana mashamba yanayozidi kuwa madogo kila kizazi. Kwao, mstari wa mwisho wa msitu ndio mwisho wa shamba, na pia ndio kinga ya nyumba iliyo chini yake.