Wanyonge na Mgao wa Anga za Juu

Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, Kenya, Uganda na Zaire ziliungana na nchi nyingine za Ikweta kudai kwamba njia iliyo kilometa 36,000 juu yao, ambako setilaiti huonekana kama imesimama, ni mali yao. Marekani na Umoja wa Kisovieti zote zililikataa dai hilo: Mkataba wa Anga wa 1967 unazuia taifa lolote kujitwalia anga za juu. Lakini kanuni iliyotawala huko ilikuwa ya aliyewahi ndiye apataye. Na angewahi nani kama si mwenye roketi?

Hata hivyo, dai lenyewe lilikuwa na kasoro. Tanzania nzima iko kusini ya Ikweta. Kwa hesabu ya Bogotá, mkulima wa korosho wa Kisarawe na mwanafunzi wa Kibaha wasingemiliki chochote.

Ushindi ulikuja kwa njia ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Nairobi, 1982, mahitaji ya nchi zinazoendelea yalitambuliwa katika mkataba wake. Geneva, 1988, kila nchi mwanachama ilitengewa nafasi katika baadhi ya masafa, hata isiyo na setilaiti. Ndiyo maana mwanasheria wa nchi changa inayotaka kununua setilaiti huanza na nafasi na masafa, kabla ya bei ya roketi.