Kivunja-Kokwa: Ngoma ya Krismasi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina kweli nyingi. Walakini historia hutuonyesha kwamba yako mambo mazuri ambayo hayakujiuza hata kidogo siku yalipoletwa sokoni. Mojawapo ni mchezo wa Kivunja-Kokwa, ambao siku hizi huchezwa kila mwaka wakati wa Krismasi katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa New York huenda akadhani kwamba mchezo huo umekuwapo tangu zamani za mababu, kama Krismasi yenyewe. Sivyo. Hebu tutazame ulikotoka.

Kwanza yafaa ujue, msomaji, baleti ni kitu gani. Ni ngoma ya kuigiza hadithi. Wachezaji hawasemi neno, bali hueleza kila jambo kwa miguu, mikono na nyuso zao, wakiufuata muziki. Kivunja-kokwa nacho ni chombo cha mti ambacho Wajerumani hukichonga mfano wa askari. Kokwa ngumu hutiwa kinywani mwake, na taya zake huivunja. Mwaka wa 1816 mwandishi Mjerumani, E. T. A. Hoffmann, alitunga hadithi juu ya askari huyo wa mti, na mwaka wa 1844 Alexandre Dumas wa Ufaransa akaisimulia upya kwa namna nyepesi zaidi. Katika mchezo, msichana aitwaye Clara hupewa kivunja-kokwa usiku wa kuamkia Krismasi. Watu wakiisha kulala, panya huja kupigana na askari wa kuchezea. Clara humwokoa kivunja-kokwa wake, naye hugeuka kuwa mwana wa mfalme. Kisha wawili hao husafiri pamoja, wakipita katika theluji mpaka Nchi ya Peremende.

Muziki wa mchezo huu ulitungwa na Pyotr Tchaikovsky, Mrusi aliyekuwa mashuhuri sana. Marius Petipa, mkuu wa baleti katika mji wa St Petersburg, alimwandikia muziki alioutaka, kipande kwa kipande, hata na urefu wa kila kimoja. Lakini Petipa akaugua, na kazi ya kutunga hatua za ngoma ikamwangukia msaidizi wake, Lev Ivanov. Naye Tchaikovsky alikuwa ameona huko Paris chombo kipya cha muziki kiitwacho selesta, chenye sauti kama ya kengele ndogo ndogo. Alikiagiza kwa siri, asije akatanguliwa na watunzi wenziwe. Mchezo ukaonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba, 1892, katika jumba la Mariinsky.

Huenda ukauliza, je, watu waliupenda? Muziki wake ulisifiwa na wengi, kwani vipande vyake kadha vilikuwa vimekwisha kupigwa mwezi wa Machi mwaka huo huo na kushangiliwa. Bali mchezo wenyewe ulilaumiwa. Waandishi wa magazeti walisema kwamba vita vya panya ni vurugu tupu. Kwamba mchezaji mkuu huchelewa kutokea, tena hucheza kidogo. Na kwamba jukwaa limejaa watoto. Tchaikovsky alifariki mwezi wa Novemba, 1893, kabla mwaka haujatimia, asijue ngoma yake itakuwa nini duniani.

Mapinduzi ya Urusi yalipotokea mwaka wa 1917, wachezaji wengi walihama nchi yao. Nicholas Sergeyev alitoka na vitabu ambamo hatua za ngoma zilikuwa zimeandikwa kwa alama, na kwa vitabu hivyo mchezo ukaonyeshwa London mwaka wa 1934. Wengine hawakuwa na vitabu; walikuwa na kumbukumbu tu. Mwaka wa 1944, vita kuu ya pili ikiwa haijaisha, Willam Christensen wa San Francisco alitaka kuuonyesha mchezo mzima, naye hakupata kuuona kamwe. Akawauliza Warusi wawili waliokulia ndani yake, Alexandra Danilova na George Balanchine, wakamweleza waliyoyakumbuka. Mchezo ukaonyeshwa siku ya mkesha wa Krismasi.

Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Februari, 1954, Balanchine aliutengeneza upya kwa kundi lake mjini New York. Yeye mwenyewe aliucheza alipokuwa mwanafunzi huko Urusi, na hakusahau. Basi aliwatia jukwaani makumi ya watoto wa shule ya ngoma, akaweka na mti mkubwa wa Krismasi uotao mbele ya macho ya watu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1958, mchezo ukaonyeshwa katika televisheni, ukaingia majumbani mwa watu wasiopata kukanyaga jumba la ngoma.

Tazama sasa, msomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Kilichoitwa kasoro mwaka wa 1892, yaani wingi wa watoto, ndicho kilichouokoa mchezo. Mtoto akicheza, baba na mama huja kumtazama, na shangazi, na nyanya, na majirani. Mwaka ufuatao mdogo wake hutaka kucheza pia. Miji mingi ikaiga mfano huo, hata leo makundi mengi ya baleti ya Marekani hupata sehemu kubwa ya fedha zao za mwaka kwa mchezo huu mmoja. Hata Nairobi, katika miaka hii ya karibuni, watoto wa Kenya, wengine wao kutoka Kibera, wamekwisha kuucheza.

Hayawi, hayawi, huwa. Lakini hayakuwa yenyewe. Walikuwapo watu waliokumbuka, walioandika, na waliowafundisha watoto. Kwa hiyo utakaposikia jambo lolote likiitwa desturi ya kale, usiridhike na neno hilo. Uliza ni nani aliyelianza, na ni nani aliyelibeba wakati wengine walipolitupa.