Histoni H3.3: Kutoka Damu ya Bata Bukini hadi Saratani ya Watoto

Mwaka 1884, mwanakemia Mjerumani Albrecht Kossel alitenga protini kutoka viini vya chembe nyekundu za damu ya bata bukini, akaiita histoni. Kwa miongo mingi, histoni zilihesabiwa kuwa vifungashio tu vya DNA. Mtazamo huo ulitikiswa mwaka 1964, Vincent Allfrey na wenzake walipopendekeza kuwa mabadiliko ya kikemia ya histoni hudhibiti utendaji wa jeni.

Uzito wa hoja hiyo ulidhihirika mwaka 2012. Watafiti waligundua kwamba, katika visa vingi vya saratani ya shina la ubongo kwa watoto, jeni ya H3F3A iliyomo katika kromosomu ya 1 ina badiliko dogo: laisini ya nafasi ya 27 ya histoni H3.3 hugeuka methionini. Jeni nyingine, H3F3B, huendelea kutoa protini ileile iliyo timamu, lakini haitoshi kuzuia madhara.

Kati ya ugunduzi wa kwanza na huo ilipita miaka 128. Wapangao bajeti za utafiti hawana budi kuukumbuka urefu wa safari hiyo kabla ya kudai faida ya papo kwa papo.