Hisani na Wakfu: Funzo la Kiwanda cha Karatasi cha Webuye

Kiswahili hupambanua hisani na wakfu. Hisani ni wema autendao mtu kwa hiari yake, naye aweza kuuacha apendapo. Wakfu ni mali iliyotengwa: asili yake haiuzwi, na manufaa yake huwafikia watu hata baada ya mtoaji kufariki. Historia ya viwanda katika Kenya ya magharibi yadhihirisha uzito wa tofauti hiyo.

Mto Nzoia hukusanya maji ya Milima ya Cherangani na Mlima Elgon, hupita Trans Nzoia, ambako Kitale ndio mji mkuu, kisha huporomoka Webuye katika Bungoma. Hapo, penye maji na reli, si mbali na misitu ya Turbo, kilijengwa kiwanda cha Pan African Paper Mills, kikaanza kazi mwaka 1974. Wenye hisa walikuwa Serikali ya Kenya, IFC ya Benki ya Dunia, na Orient Paper Mills ya India, kampuni ya ukoo wa Birla.

Ukoo huo ulisifika kwa utajiri na kwa utoaji pia. Ghanshyam Das Birla (1894–1983) aliasisi chuo cha teknolojia na sayansi cha Pilani, huko Rajasthan, mwaka 1964. Chuo hicho kingali kinafundisha, ijapokuwa mwasisi wake hayupo.

Webuye mambo yalikuwa mengine. Kiwanda kilileta ajira, nyumba za wafanyakazi na hata timu ya soka iliyocheza katika ligi kuu ya nchi. Wakazi walilalamikia harufu, moshi na uchafu wa mto, lakini wengi walistahimili, kwani humo ndimo ilimotoka riziki. Kitale uliegemea mahindi ya wakulima wengi. Webuye uliegemea mwajiri mmoja. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, mishahara ilikatika, na kila kilichofungamana nayo kikayumba: maduka, kodi za nyumba, karo za shule. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa ukoo wa Rai, wenye viwanda vya mbao na sukari katika eneo hilo.

Afrika Mashariki haikukosa mfano wa njia ya pili. Alidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri na mwenye viwanda vya kuchambulia pamba, alifariki mwaka 1916, na biashara yake haikudumu sana baada yake. Lakini shule ya Mombasa iliyojengwa na mwanawe Abdulrasul kwa kumbukumbu yake ingali inasomesha.

Basi tajiri hapimwi kwa alichotoa wakati biashara ilipostawi, bali kwa kilichosalia ilipoanguka. Mshahara ni haki ya mfanyakazi, wala si sadaka. Na hisani isiyofanywa wakfu hufungwa pamoja na lango la kiwanda.