Kutafuta Waya Ulipokatika

Msomaji, simu yako inyamazapo, wamfikiria nani? Yuko fundi atakayekwenda kutafuta mahali njia ilipokatika, na kazi yake ina historia ndefu.

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Waya wa namna hiyo ukikatika, nani angezamia kuutafuta? Mafundi walikaa pwani wakapima ukinzani wake. Kwa kuwa walijua ukinzani wa kila maili, hesabu iliwaonyesha umbali wa kasoro, na meli ikatumwa.

Barani mambo yalikuwa mengine. Kati ya 1895 na 1905 Wanandi, wakiupinga utawala wa Waingereza, walichukua nyaya za simu wakazifanya mapambo. Usiwaite wezi upesi: nyaya zile zilipita katika nchi yao bila idhini yao.

Sasa twende Turkana. Baada ya 2014 mkonga wa faiba, yaani nyuzi za kioo, ulifukiwa kando ya barabara itokayo Eldoret, kupitia Lodwar na Kakuma, kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Lodwar hata Kakuma ni kilomita 120 hivi, na barabara yakata makorongo ya mchanga yaitwayo laga. Mvua ikinyesha mbali, laga hujaa ghafula na kuchimbua udongo.

Kakuma ikinyamaza, fundi wa Lodwar hapandi gari mara moja. Hutazama kwanza umeme, kisha viunganishi. Maana njia ya nuru ndani ya uzi ni nyembamba kuliko unywele, na chembe ya vumbi huweza kuiziba. Na vumbi la Turkana si haba! Baadaye hupeleka nuru ndani ya uzi. Katika kioo nuru huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na ifikapo penye mkato sehemu yake hurudi. Ikirudi baada ya sehemu 6 katika 10,000 za sekunde, mkato uko kilomita 60, kwani imekwenda na kurudi. Ndipo gari hutoka.

Huko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, wako watu ambao simu ndiyo njia pekee ya kuisikia sauti ya mama. Kwa hiyo fundi hufanya haraka. Lakini kipimo hakimwonyeshi mkonga uliofunikwa na mchanga; afikapo korongoni huwauliza wachungaji maji yalipita wapi. Kisha huchimba, akaunganisha uzi kwa uzi kwa cheche ya umeme, chini ya turubai.