Uvimbe wa mgongo usio saratani: kwa nini usipuuzwe

Mtu akipimwa mgongo akaambiwa ana uvimbe lakini si saratani, nyumba nzima hushusha pumzi. Kushukuru ni haki. Lakini upo uvimbe wa mifupa usio saratani ambao hula mfupa, huvunja pingili za mgongo na hubana mishipa ya fahamu hadi mtu akashindwa kutembea.

Mfano wake mkubwa ni uvimbe wa seli kubwa. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, na wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume. Katika mgongo, hupenda kukaa kwenye mfupa mpana ulio juu ya kitokono. Mara chache, hufika hadi mapafuni.

Daktari wa mifupa wa Marekani, William Enneking, aliugawa uvimbe usio saratani katika madaraja 3: uliotulia, unaokua ndani ya mfupa, na mkali unaotoboa mfupa na kuingia kwenye nyama za jirani. Makala haya yanahusu daraja la 3.

Dalili

Huanza kwa maumivu ya mgongo yasiyoisha, yanayozidi usiku hata mtu akiwa amelala. Kwetu Pwani wengi husema ni baridi yabisi, wakakandwa au kupigwa chuku, miezi ikapita. Mgongo wenye uvimbe usikandwe kwa nguvu, kwani pingili iliyoliwa inaweza kuvunjika. Miguu ikilegea, sehemu za makalio zikifa ganzi, au mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo

Eksirei pekee haitoshi. Picha ya CT huonyesha mfupa ulivyoliwa, na ya MRI huonyesha mishipa ya fahamu ilivyobanwa. Kisha huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano kikapimwe maabara. Hatua hii isirukwe, kwa sababu TB ya mgongo na saratani zinaweza kufanana na uvimbe huu kwenye picha, ilhali matibabu yake ni tofauti kabisa.

Matibabu

Upasuaji ndio msingi, nao ni wa namna 2. Namna ya kwanza ni kukwangua uvimbe kutoka ndani ya mfupa. Ni nyepesi zaidi kwa mgonjwa, lakini mabaki yakibaki uvimbe hurudi. Ya pili ni kuutoa mzima pamoja na pingili yake, kisha mgongo ukashikizwa kwa vyuma. Katsuro Tomita wa Kanazawa, Japani, anajulikana kwa mbinu ya kutoa pingili nzima kupitia mgongoni. Njia hii hupunguza sana hatari ya uvimbe kurudi, lakini ni kazi ya saa nyingi na damu nyingi. Uvimbe ukiwa chini kabisa ya mgongo, huenda mishipa ya mkojo, choo na tendo la ndoa ikakatwa. Ndiyo maana mgonjwa aelezwe waziwazi kabla hajatia sahihi.

Kuziba mishipa ya damu. Uvimbe huu hunywa damu nyingi. Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuziba njia zinazoulisha, mara nyingi muda mfupi kabla ya upasuaji. Ukiwa mahali pagumu kupasuliwa, kazi hii hurudiwa mara kadhaa.

Sindano ya denosumabu. Ilikubaliwa Marekani mwaka 2013 kwa uvimbe wa seli kubwa usiofaa kupasuliwa, au ambao upasuaji wake ungeacha madhara makubwa. Hudungwa chini ya ngozi kila wiki 4, na huweza kuufanya uvimbe ukauke na mfupa ugande upya. Lakini ikiachwa, uvimbe unaweza kuamka tena. Hushusha kalsiamu mwilini na huweza kudhuru mfupa wa taya, kwa hiyo meno yakaguliwe kwanza. Mjamzito haifai.

Mionzi huachiwa mahali ambapo njia nyingine zimeshindikana, kwa kuwa inaweza, miaka baadaye, kuzaa saratani ya kweli, na wagonjwa wengi bado ni vijana.

Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi bora

Uvimbe ulioguswa nusunusu ukarudi huwa mgumu kuutoa, kwa sababu umeshachanganyika na makovu. Kwa hiyo, kama hakuna dharura ya kupooza, usikubali kupasuliwa haraka kabla ya majibu ya maabara. Muulize daktari: Uvimbe huu unaitwaje na uko daraja gani? Utautoa mzima au utaukwangua? Umewahi kufanya upasuaji huu mara ngapi? Nitapoteza nini? Uliza pia mapema SHA italipa kiasi gani, na kama rufaa ni ya Nairobi au India, nani atakufuatilia ukirudi.

Ufuatiliaji ni sehemu ya matibabu. Ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza. Picha za mgongo na kifua zipigwe kwa ratiba ya daktari, hata kama maumivu yameisha na mtu amerudi kazini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.