Daftari la Jirani: Somo la Historia kutoka Njia ya Kasindi



Siku ya soko, tangu alfajiri, watu wa Kasindi-Lubiriha huvuka daraja kwenda Mpondwe, upande wa Uganda, wakiwa na mifuko mitupu. Hurudi na sukari, sabuni na mafuta. Mama mwenye watoto sita hupita mlango wa duka la jirani bila kuingia, na hatuna haki ya kumlaumu: kule ng'ambo bei hupungua kidogo, na hicho kidogo ndicho kalamu ya mtoto. Wenye nauli hupanda hadi Butembo, kwenye maghala ya wafanyabiashara wakubwa. Basi tumnunulie nani, mdogo aliye karibu au mkubwa aliye mbali? Tuiulize historia ya njia yetu.

Njia hii ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Kabla ya Wazungu kugawana nchi, chumvi ya Katwe ilifika hadi milima ya Wanande, na vyakula vya milimani vikashuka kuilipia. Wakati wa ukoloni, maduka yenye nguvu yalikuwa mikononi mwa wageni, wakiwamo Wagiriki na Wahindi. Mwenyeji alilima, akabeba mizigo, akanunua.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa Wazaire. Wengi waliopewa walichaguliwa kwa sababu ya ukaribu wao na watawala. Waliuza mali waliyoikuta, wakatumia fedha, wasiagize nyingine. Waliokuwa wakileta bidhaa kwa kuaminiana na wenye duka wa zamani hawakuwaamini hawa wapya. Rafu zikabaki tupu, na kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa inawaita wenye mali wa kwanza warudi. Tulitafakari jambo hili kwa makini: waliozimaliza bidhaa zile hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu zetu. Uenyeji peke yake haukuliokoa duka.

Katika miaka hiyo wafanyabiashara wa Kinande walikuwa wakikua kwa njia nyingine. Walianza na maharagwe, mboga na kahawa. Mmoja alimkopesha mwenzake kwa sababu alimjua yeye, ukoo wake na kanisa lake; aliyevunja ahadi alipoteza jina, na bila jina hakuna mkopo. Kahawa ikapita Kasindi kwenda Mombasa, malori yakarudi na vitambaa na vyombo. Baadaye yakaja makontena kutoka Dubai na China. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo letu tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu kuzijenga barabara na shule kwa nguvu zao wenyewe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, ni tunda mojawapo la juhudi hiyo. Hivyo ghala kubwa la Butembo na duka dogo la Kasindi ni pingu za mnyororo mmoja: mdogo huchukua mali kwa mkubwa, naye humkopesha jirani.

Lakini ukubwa nao una jaribu lake. Nchini Kenya, Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ikawa na makumi ya matawi hadi Uganda, Rwanda na Tanzania. Madeni yakaizidi, waliokuwa wakiipelekea bidhaa hawakulipwa, rafu zikawa tupu kama zile za mwaka 1974. Mwezi wa kwanza 2020 wadai wake wakakubali ifungwe kabisa.

Miezi miwili baadaye, kwa sababu ya korona, mpaka wetu ulifungwa kwa watu, ijapokuwa malori ya mizigo yaliendelea kupita. Mimi niliyezoea kuvuka daraja nilirudi kwa jirani yangu, kwa aibu, bila kitu mfukoni. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alifungua daftari, akaandika jina langu, akapima unga. Siku hiyo nilielewa kwamba katika bei yake, ile niliyoiona kubwa, mlikuwamo kitu ambacho soko la ng'ambo halikuniuzia: kunijua.

Papa Benedikto wa XVI, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili pia, wala si la kiuchumi tu. Fundisho hilo linamgusa anayenunua na anayeuza. Mwenye duka asiutumie ukaribu wake kuongeza bei wakati wa shida, wala asipunguze kipimo. Nabii Amosi aliwakemea vikali wenye mizani ya uongo. Nasi tunaoandikwa daftarini tulipe, maana deni lisilolipwa ndilo linaloua duka dogo upesi kuliko mshindani yeyote. Yule mama wa watoto sita anunue pale anapoweza, bila dhamiri kumsumbua. Sisi wenye nafasi kidogo ndio tunaopaswa kujiuliza.

Tangu mwezi wa saba 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa nyingi zaidi zitapita hapa, na huenda maduka makubwa yakafuata. Tusiyaogope kwa kuwa ni makubwa, wala tusiyakimbilie kwa sababu hiyo. Kwa kila duka tuulize: siku daraja litakapofungwa tena, huyu atanijua? Na mimi, siku yake ya shida, nitakuwa nimelipa?